Mafuta ya Kunukia na Mafuta ya Kuchanganyia: Tiba Yake, Hukumu Zake na Dhamana ya Mwenye Kuyauza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha katika ardhi kila mmea kwa kipimo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mji wa Bunda umekaa juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke na njia ya Kisorya ya kuvukia Ukerewe, na upande wa pili kuna mbuga za Serengeti. Mji wa njiani haukosi wachuuzi, na miongoni mwa bidhaa wanazozitembeza siku hizi ni vichupa vidogo vya mafuta: ya mkaratusi, ya karafuu, ya mchaichai, ya mnanaa, ya habbat soda na mengineyo. Muuzaji huapa kwamba mafuta hayo ni ya mimea mitupu, hayana kemikali, na kwa hiyo hayawezi kumdhuru mtu. Akimwona mnunuzi amevaa kanzu au amejitanda mtandio, humwongezea na Hadithi.

Kutoka huko Bunda tumeletewa swali la mama mmoja. Mtoto wake wa miezi minane alishikwa na mafua na kifua. Akauziwa kichupa cha mafuta ya mkaratusi, akaambiwa ampake mtoto kifuani na puani vivyo hivyo bila kuyachanganya na kitu, na usiku amtilie tone kwenye maziwa. Akaanza na puani. Mtoto akapaliwa, pumzi ikambana hata akabadilika rangi, ikabidi akimbizwe hospitali. Alhamdulillahi, alipona kabla ya tone la maziwa kufika mdomoni. Mama huyu anauliza mambo matatu. Je, alikosea kutumia dawa ya mimea ilhali dini inatuhimiza kujitibu? Je, udhu wa mtu aliyejipaka mafuta unasihi? Na yule aliyemuuzia, je, ana jukumu lolote mbele ya Sheria, au ni kudra tu?

Tumeona maswali haya si ya mama huyu peke yake. Kwa hiyo tutaeleza kwanza mafuta haya ni kitu gani, kisha historia yake kwa ufupi, kisha hukumu zake. Msomaji ataona kwamba karibu kila jambo katika mlango huu linarudi kwenye tendo moja, nalo ni kuchanganya: kuchanganya kunakookoa, na kuchanganya kunakohini.

MAFUTA NI YA AINA MBILI

Watu husema "mafuta" wakadhani ni kitu kimoja, kumbe ni viwili vilivyo mbali.

Aina ya kwanza ni mafuta ya kukamuliwa kutoka katika mbegu au tunda: ufuta, alizeti, nazi, zaituni, nyonyo, na mafuta ya mbegu za pamba ambayo watu wa Bunda wanayajua sana, kwa kuwa pamba ni zao lao la tangu enzi za wazee. Mafuta haya ni mazito, hayakimbii hewani, na tone lake likianguka juu ya karatasi huacha doa lisilokauka. Kazi yake ni kulainisha ngozi, na pia kubeba kitu kingine kilicho kikali. Haya ndiyo tutakayoyaita mafuta ya kuchanganyia.

Aina ya pili hutolewa kwa mvuke. Majani, maua, maganda au vikonyo hutiwa katika chombo na kupitishiwa mvuke wa maji ya moto. Mvuke ule huchukua harufu na asili ya mmea, ukapita katika mrija wenye kupozwa, ukarudi kuwa maji, na juu ya maji yale yakaelea mafuta machache makali. Kazi hii ndiyo kukeneka. Mafuta haya ni mepesi, hukimbia hewani upesi, na harufu yake hujaa chumba kizima. Haya ndiyo mafuta ya kunukia.

Ili msomaji ajue ukali wake, azingatie hesabu hii. Karafuu kavu ni katika mimea yenye mafuta mengi mno, nayo kilo 100 hutoa kama kilo 15 hivi za mafuta. Ama waridi, huhitajika kilo elfu kadhaa za maua ili ipatikane kilo 1 tu ya mafuta. Basi anayetia matone machache mkononi amebeba nguvu ya mmea mwingi ambao asingeweza kuutafuna wala kuunywa kwa siku moja. Hapa ndipo hoja ya kwamba kitu cha mmea hakidhuru inapoanguka. Kikombe cha chai ya mchaichai ni kitu kimoja, na kijiko cha mafuta ya mchaichai ni kitu kingine kabisa.

Tuseme pia neno juu ya habbat soda. Mafuta yake yanayouzwa, kwa sehemu kubwa, ni ya kukamuliwa, si ya kukenekwa. Ndiyo maana watu huweza kuyatumia kwa namna ambayo hawawezi kuyatumia ya mkaratusi. Mtu asichukue desturi ya hili akaipeleka kwa lile.

ELIMU HII IMETOKA WAPI

Kukeneka kulijulikana na watu wa kale kabla ya Uislamu. Lakini maulamaa wa Kiislamu ndio waliokusanya elimu hii, wakaisahihisha na kuieneza. Yaaqub bin Ishaq al-Kindi, mwanafalsafa wa Iraq wa karne ya 9, anahusishwa na kitabu kizima juu ya manukato na ukenekaji, chenye mapishi zaidi ya mia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), aliandika katika Qanun yake juu ya mafuta mengi na tabia zake. Ibn al-Baytar, aliyefariki mwaka 646 Hijria (1248), alikusanya mimea na dawa kwa mamia, akitaja faida ya kila kimoja na madhara yake pia. Tunasisitiza neno hilo la madhara. Wakubwa hawa hawakuandika faida peke yake kama wanavyofanya wauzaji wa leo.

Elimu hiyo ilifika katika pwani yetu pamoja na biashara, na maneno yenyewe yanashuhudia: uturi, marashi, udi na karafuu yote yametoka katika Kiarabu. Mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea zama za Sayyid Said bin Sultan. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha kukeneka mafuta, mashuhuri kwa jina la kiwanda cha makonyo, kwa sababu mafuta ya karafuu hutolewa katika makonyo yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Visiwa vya Komoro navyo vimekuwa mashuhuri ulimwenguni kwa mafuta ya mlangilangi. Wala wanawake wa pwani hawakungoja viwanda. Tangu zamani wameloweka karafuu, asumini na mlangilangi katika mafuta ya nazi na kujisinga kwayo. Zingatia: walitia cha kunukia ndani ya mafuta mazito. Kuchanganya walikujua kwa uzoefu.

Na kwa watu wa Ziwa Victoria upo mfano wa karibu zaidi. Huko Kakamega, magharibi ya Kenya, wakulima wanaoishi kando ya msitu wamekuwa wakilima aina ya kivumbasi chenye harufu ya kafuri, wakakeneka mafuta yake kwa msaada wa watafiti wa ICIPE, na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kundi lao, Muliru, lilipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Hawakuuza mafuta makali matupu kwa mwenye mafua. Waliyatia katika dawa ya kupaka kwa kipimo kinachojulikana, na wakakiandika.

HUKUMU YA KUJITIBU KWA MAFUTA

Asili ya vitu vyenye manufaa ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika riwaya ya Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na ponyo lake. Qur'ani imeutaja mzaituni kuwa ni mti uliobarikiwa na ikayataja mafuta yake katika Sura an-Nur, aya ya 35. Na Tirmidhi amepokea Hadithi inayohimiza kula mafuta ya zaituni na kujipaka, ingawa maulamaa wamezungumza juu ya baadhi ya njia zake. Habbat soda nayo imetajwa katika Bukhari na Muslim kuwa ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti.

Basi mama wa Bunda hakukosea kutafuta dawa katika mimea. Lakini hapa pana kosa linalofanywa na wengi. Hadithi ya zaituni inazungumzia zaituni. Haikuzungumzia mkaratusi, wala haikusema kila kitu kiitwacho mafuta kipakwe na kinywewe. Hata ile ya habbat soda, Imam al-Khattabi na wengineo wameeleza kwamba neno lake ni la ujumla lakini lililokusudiwa ni magonjwa yanayolingana na tabia ya dawa ile. Ikiwa maulamaa wakubwa waliiwekea mipaka tafsiri ya Hadithi sahihi, vipi mchuuzi aichukue Hadithi hiyo na kuibandika juu ya chupa ambayo haikutajwa kabisa?

Tena Sheria inayotuhimiza kujitibu ndiyo hiyo hiyo inayotukataza kujitia katika maangamizo, kama ilivyo katika Sura al-Baqara, aya ya 195, na ndiyo inayotukataza kudhuru na kudhuriana. Na Abu Daud amepokea kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, aliyejulikana kwa utabibu. Tunapata hapo funzo kwamba dawa hutafutwa kwa anayeijua.

KIPIMO: KUCHANGANYA KUNAKOOKOA

Mafuta ya kunukia hayapakwi matupu juu ya ngozi. Huunguza, huwasha, na mwili ukishayakataa mara moja unaweza kuyakataa maisha yote. Hutiwa katika mafuta ya kuchanganyia, na kipimo chake chepesi kukumbuka ni hiki. Kijiko kikubwa cha mezani huchukua kiasi cha mililita 15. Kwa mtu mzima mwenye afya, matone 3 ya mafuta ya kunukia katika kijiko hicho ni kama asilimia 1, na matone 6 ni kama asilimia 2. Kwa matumizi ya kawaida ya kuchua misuli au kifua hiyo yatosha. Mafuta ya karafuu ni makali kupita mengine, basi tone 1 kwa kijiko ni kiasi. Kwanza mtu ajaribu kidogo ndani ya kiwiko, angoje siku nzima, akiona wekundu au mwasho aache.

Mafuta ya kuchanganyia nayo huchaguliwa. Ya nazi, ufuta, alizeti na zaituni yanafaa. Ama ya pamba, mbegu yake ina sumu iitwayo gosipoli ambayo huondolewa kiwandani wakati wa kusafisha, kwa hiyo mtu asitumie mafuta ya pamba mabichi yaliyokamuliwa kienyeji, atumie yaliyosafishwa. Na mafuta yoyote yaliyokaa hata yakabadilika harufu hayafai tena kwa ngozi. Tena tunawahadharisha ndugu zetu wa maeneo ya pamba jambo moja zito: chupa iliyowahi kutiwa dawa ya kunyunyizia pamba haitiwi mafuta hata ikioshwa mara saba. Kuosha kwa twahara ni mlango mmoja na kuondoa sumu ni mlango mwingine.

Yapo pia mambo ya kukatazwa kabisa. Mafuta ya kunukia hayanywewi kwa maneno ya muuzaji. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya mkaratusi, yaani mililita 5 tu, kimewahi kuwapeleka watoto katika degedege na kupoteza fahamu. Mafuta ya karafuu yakinywewa kwa kiasi kama hicho yamewahi kuharibu maini ya watoto. Mkaratusi, mnanaa na kafuri havipakwi puani wala usoni kwa mtoto mchanga, kwa sababu huweza kubana njia yake ya pumzi, na hicho ndicho kilichompata mtoto wa Bunda. Mama mjamzito asiyatumie mpaka aulize kliniki. Mafuta ya maganda ya limau yakipakwa kisha mtu akatoka juani, ngozi huweza kuungua. Na chupa zote ziwekwe mbali na mkono wa mtoto.

Ama faida zake, zipo na hatuzikanushi. Matabibu wa meno wametumia asili ya karafuu, iitwayo yujenoli, katika kutuliza maumivu na kuziba meno kwa muda. Kuchua kwa mafuta yaliyochanganywa vizuri hupumzisha mwili. Na mafuta yaliyotengenezwa kutokana na mkaratusi wenye harufu ya limau yamethibiti kufukuza mbu, ingawa hayapakwi mtoto aliye chini ya miaka 3. Lakini kufukuza mbu si kutibu malaria. Mkoa wa Mara ni wa ziwa, na malaria iko. Mtoto akipata homa hupimwa damu, hachuliwi kwa mafuta huku siku zikipita. Aliyechelewesha tiba inayojulikana kwa kushika tiba ya kudhania hawezi kusema ametawakal.

TWAHARA, SAUMU, IHRAMU NA EDA

Swali la pili la mama lilikuwa juu ya udhu. Imam an-Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba mtu akiwa na athari ya mafuta ya majimaji juu ya kiungo, akatia maji, yakagusa ngozi na kupita juu yake, twahara yake ni sahihi hata kama maji hayakutuama. Kinachozuia ni kitu chenye kiwiliwili kinachofunika ngozi, kama nta au mafuta yaliyoganda. Basi aliyejipaka mafuta ya alizeti na mkaratusi atawadhe, asugue viungo vyake, wala asijitie wasiwasi. Ila kama amepaka mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi, ayaondoe kwanza.

Na kama tone la mafuta limeanguka ndani ya ndoo ya maji yakapata harufu, maulamaa wa madhehebu ya Shafi wamesema mafuta hayachanganyiki na maji bali hukaa kando yake, na maji yaliyobadilika kwa kitu kilichokaa kando hubaki yenye kutwaharisha.

Mafuta yakiingiwa na najisi, hukumu yake ni nzito zaidi. Katika Hadithi ya Maymuna (r.a.) juu ya panya aliyeangukia samli, hutupwa yeye na kilicho pembeni mwake. Mafuqaha wamefahamu kuwa hayo ni kwa samli iliyoganda. Ama mafuta ya majimaji, kauli iliyo sahihi kwa Mashafi ni kwamba hayatwahariki kwa kuoshwa. Kwa hiyo mwenye pipa la mafuta alifunike vizuri kabla ya kuja kutuuliza.

Wengine huuliza kama chombo cha kukenekea hakikuwa haramu, kwa kuwa gongo nayo hupikwa kwa namna hiyo. Jawabu ni kwamba chombo hakina hukumu peke yake, hukumu ni ya kinachotoka. Mafuta ya mmea yanayotoka kwa mvuke wa maji si kileo. Ama manukato yaliyoongezwa spiriti, maulamaa wa zama hizi wamehitilafiana, na anayeweza kupata yasiyo na spiriti atakuwa ametoka katika hitilafu.

Kwa mwenye kufunga, mafuta yanayopakwa juu ya ngozi hayabatilishi saumu, kwani kinachoingia kwa vinyweleo si sawa na kinachoingia kwa tundu lililo wazi. Lakini matone ya puani yakifika ndani hubatilisha. Ama kujifukiza kwa kuvuta mvuke wenye dawa, pana maneno ya maulamaa, na lililo salama ni kungoja magharibi.

Aliyehirimia haruhusiwi manukato mwilini wala nguoni, na kwa Mashafi hapaki nywele za kichwa na ndevu mafuta yoyote, hata yasiyonukia. Mjane aliye edani huepuka manukato kwa miezi 4 na siku 10. Akihitaji kuchuliwa atumie mafuta ya kuchanganyia peke yake, na kama ugonjwa unamlazimisha dawa yenye harufu, dharura huhesabiwa kwa kiasi chake.

KUCHANGANYA KUNAKOHINI

Tumesema kuchanganya ndiko kunakookoa. Sasa tugeuze upande wa pili. Muuzaji mmoja huchukua mafuta ya karafuu, akayaongeza mafuta ya alizeti mara kumi, akaandika juu ya chupa kwamba ni karafuu halisi. Mwingine huchukua mafuta yale yale kwa kiasi kile kile, akaandika kwamba ni alizeti yenye karafuu sehemu moja kwa kumi. Mikono imefanya tendo moja, na chupa zinafanana. Wa kwanza amekula haramu na wa pili amefanya biashara njema. Kilichowatenga ni ubayana.

Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye chungu ya chakula, akaingiza mkono ndani na kukuta unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tazama: hakuambiwa kitupe chakula, aliambiwa akidhihirishe.

Kwa msingi huo dola za Kiislamu ziliweka hisba masokoni, na muhtasibu alikagua vipimo na bidhaa. Al-Shayzari katika karne ya 12, na Ibn al-Ukhuwwa aliyefariki mwaka 729 Hijria (1329), waliandika vitabu vya kumwongoza muhtasibu, ndani yake mkiwa na milango juu ya wauza manukato na wauza dawa na namna ya kuzitambua hila zao. Walijua kwamba katika bidhaa hizi mnunuzi ni kipofu: hawezi kujua kilichomo kwa kutazama tu, na anayemtegemea ni muuzaji mwenyewe. Leo kazi hiyo imegawanywa katika taasisi za serikali. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga wa tiba hizo. Vipodozi, tangu mwaka 2019, viko chini ya Shirika la Viwango. Muislamu anayefanya biashara hii asione usajili kuwa ni bughudha ya serikali. Ni sehemu ya ile hisba.

DHAMANA YA MWENYE KUTIBU

Tumefika swali la tatu, nalo ndilo zito. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea Hadithi ambayo maana yake ni kwamba mwenye kujifanya tabibu ilhali hakujulikana kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini, yaani atabeba madhara yaliyotokea. Imam al-Khattabi amesema hajui hitilafu yoyote kwamba mwenye kutibu akivuka mpaka na mgonjwa akaangamia, atadhamini. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), amelifafanua jambo hili katika Zad al-Ma'ad. Tabibu mjuzi, aliyepewa idhini, akaitendea kazi haki yake na mkono wake usivuke mpaka, hadhamini hata likitokea la kutokea. Ama mjinga aliyemfanya mgonjwa aamini kwamba anajua, huyo anadhamini. Na kama mgonjwa alijua kwamba yule ni mjinga na bado akamwachia, hapo dhamana humwondokea.

Mtu atasema: mimi si tabibu, mimi ni muuza mafuta tu. Tunamjibu: mwenye kuuza chupa na kunyamaza ni muuzaji. Lakini ukimwambia mama ampake mtoto wake puani, na usiku amtilie tone kwenye maziwa, umeshatoka dukani na kuingia katika utabibu, maana umetaja ugonjwa, umetaja mgonjwa, na umetaja kipimo. Ikiwa hukujulikana kwa elimu hiyo, Hadithi inakugusa. Kusema kwamba ni kudra hakuondoi dhamana, kwani kila linalotokea ni kwa kudra, na pamoja na hayo Sheria imeweka fidia na diya. Kuthibitisha madai na kukadiria fidia ni kazi ya kadhi na ya vyombo vya sheria, si ya gazeti. Lakini baina ya mtu na Mola wake hukumu iko wazi. Muuzaji yule amelazimika kutubia, kumwendea mama na kumwomba radhi, na kumlipa gharama alizozisababisha.

Na mama je? Hana dhambi, kwa kuwa alikusudia kumponya mwanawe na aliamini kwamba aliyemwelekeza anajua. Ila ameshajua sasa, na aliyejua si sawa na asiyejua. Safari nyingine ya mafua amkinge mtoto na baridi, amnyonyeshe kwa wingi, na akiona anahema mbio au mbavu zinaingia ndani ampeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kichupa cha mkaratusi si lazima akitupe. Akiweke juu kabisa mtoto asikofika, na siku atakapoumwa mgongo yeye mwenyewe kwa jembe la shamba, achukue kijiko cha mafuta ya alizeti, atie matone 3, ajichue, aseme Bismillahi.

Haya ndiyo tuliyoweza kuyaeleza. Lililo sawa limetoka kwa Mwenyezi Mungu, na lililokosewa ni letu. Wallahu a'alam.